Tundu kwenye meza

Leo mchungaji amesoma Matayo 18. Sura hii naijua tangu shule ya Jumapili, enzi za kukaa kwenye benchi miguu haigusi chini. Lakini siku zote nimeisikia vipande vipande: leo mtoto aliyesimamishwa katikati ya wanafunzi, mwezi ujao Petro na hesabu yake ya mara saba, siku nyingine mtumwa mwenye deni. Asubuhi hii ameisoma yote bila kuruka, na nikaona ni habari moja. Inaanza na mtoto, inaishia kwa mtu anayemkaba mwenzake koo kwa ajili ya dinari mia.

Nikaangalia viatu vyangu. Mtu wangu wa dinari mia alikuwa ameketi safu tatu mbele, kajifunga kitambaa cha kijani kichwani.

Niandike kilichotokea, maana sijawahi kukiandika. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu wa Goma, ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22. Moto wake ulisimama kabla haujaingia mjini kwetu, lakini ardhi ikaendelea kutikisika mchana na usiku, mpaka kuta zikapasuka. Alhamisi asubuhi gavana akatangaza kartie za kuhama, yaani mitaa, na Majengo, kwetu, ikatajwa. Mashini yangu ya kushona ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba. Tukafungua kichwa chake kwenye meza, tukakifunga na kitenge, tukakiweka juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kati ya sufuria na kiloba cha unga. Mwanangu Amani alikuwa mgongoni. Tulipofika Ndosho mwenye chukudu akasema kwa bei ile hafiki Sake, kule tulikokuwa tunakimbilia. Mama Bahati alikuwa anakaa pale pale kando ya barabara, rafiki yangu wa kwaya, tulikuwa tunashirikiana mpaka chumvi. Nikamwachia.

Tuliporudi mwezi wa sita, mashini haikuwapo. Yeye alisema wezi. Watu wengine walisema iliuzwa Birere hata kabla sisi hatujafika Sake. Mpaka leo sijui, na nimechoka kuuliza. Ninachojua ni kwamba hakulia. Nilimtazama usoni nikitafuta chozi moja tu, nikalikosa, na nadhani hilo ndilo lililoniuma kuliko mashini yenyewe.

Meza ilibaki. Sikuiuza, sikuichoma. Ina tundu la mstatili pale kichwa kilipokuwa kinakaa, na watoto wanafanyia masomo hapo, kila siku kalamu inadondokea ndani. Bwana yangu alitaka kulifunika na ubao, nikakataa. Nilisema mbao ni ghali.

Kwaya niliiacha mwaka ule ule. Nilisema magoti yananiuma, na watu wakakubali, ingawa sauti ya pili haiimbwi kwa magoti.

Halafu mwaka juzi Mama Bahati na watu wake wakahamia avenyu yetu, nyumba tatu kutoka kwetu. Goma nzima hii, wakaikosa nyumba kwingine kote!

Sasa Amani. Alhamisi alirudi mdomo umevimba, machozi na vumbi usoni. Bahati alikuwa amempiga kiwiko kwa sababu ya mpira, nao ni mpira wa masashe ya plastiki uliokazwa kwa kamba, Amani aliusuka mwenyewe siku mbili. Akaniapia kwamba hatacheza naye tena mpaka Yesu arudi. Nilimwosha mdomo kwa maji ya chumvi. Nikiwa namwosha, ndani yangu kulikuwa na furaha. Naona haya kuandika hivi. Nilifurahi kwamba mwanangu naye amepata adui katika nyumba ile, kwamba sasa tuko wawili.

Sikumaliza hata kutwanga sombe, majani ya muhogo. Nasikia kelele nje, nachungulia: Amani anakimbia juu ya yale mawe meusi yanayochuna magoti, na golini amesimama Bahati.

Jioni nikamwita.

"Si ulisema huchezi naye tena?"

"Nilisema, mama."

"Sasa?"

"Tulikuwa watano tu. Bila yeye hakuna wa kukaa golini."

"Umeshasahau alivyokupiga?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu, akagusa mdomo. "Hapana. Bado unauma."

Nimekaa na jibu hilo siku tatu. Tumehubiriwa sana kwamba mtoto anasamehe kwa sababu anasahau, na mimi nilikuwa nimejitetea hapo hapo: Mungu, kama unataka nisahau, nifutie wewe, mimi nina kichwa cha mtu mzima. Kumbe mtoto hasahau. Mdomo wake unauma na anajua nani aliuumiza. Ila anautaka mchezo kuliko anavyoitaka haki yake. Hakungoja wazee wakae kikao, hakungoja Bahati alie. Na usifikiri ni mjinga: nimeona baadaye kwamba mpira hauachwi tena kwa kina Bahati. Ukimalizika mchezo, Amani anaubeba mwenyewe, unalala kwetu chini ya kitanda. Paulo aliwaandikia Wakorintho karibu hivyo hivyo, katika uovu wawe watoto wachanga, lakini katika akili wawe watu wazima. Nilidhani mstari ule ni wa wasomi.

Mimi nimefanya kinyume. Mashini nyingine sijamwachia mtu, sawa, hiyo ni akili. Lakini mchezo nao nikauacha. Yeye anaimba kila Jumapili, mimi nakaa nyuma nikihesabu anakosea wapi.

Jambo moja ninalolipinga: wahubiri wakifika kwenye zile dinari mia huwa wanazicheka. "Vijisenti tu!" Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Mia ni zaidi ya miezi mitatu ya kuinama shambani. Mashini yangu ilikuwa kama hivyo. Yesu hakusema lile deni la pili ni dogo, alilipima tu kando ya talanta 10,000 ambazo mtumwa yule yule alisamehewa na mfalme wake, na talanta moja ni kama dinari 6,000. Nilipiga hesabu kwenye simu wakati wa matangazo, Mungu anisamehe: siku milioni 60, zaidi ya miaka 160,000 ya kazi bila kupumzika. Ndiyo maana yule mtumwa aliposema "nitakulipa yote" alikuwa anaota. Deni langu kwa Mungu liko upande huo. Lakini la Mama Bahati nalo ni deni, na ilinituliza sana kuona kwamba Bwana hakuniambia nilie kimya kwa sababu ni kidogo.

Yale makubwa ya mji wetu, ya bunduki na ya waliokufa, siyaweki humu. Anayeweza kuyasamehe namvulia kitambaa. Mimi bado niko kwenye mashini.

Baada ya ibada sikumsalimia, nitakuwa mwongo nikisema nilimsalimia. Nilitoka kwa mlango wa pembeni. Lakini saa kumi Bahati alikuja na daftari, ana zoezi la hesabu pamoja na Amani, wote wako mwaka wa tatu. Wakakaa kwenye meza. Nilikuwa nakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye mbabula ya makaa pale mlangoni, nawasikia wakigombania ufutio. Kalamu ikadondoka. Bahati akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaitoa, halafu akapitisha kidole kwenye kingo za tundu, pole pole, pembe zote nne.

"Mama Amani, hapa palikuwa na nini?"

"Mashini ya kushona."

"Nani alikuwa anashona?"

"Mimi."

Akainama tena kwenye hesabu zake. Mama yake akaita kutoka kule kwao, giza linaingia, arudi. Nikatoa sambaza za mkono mmoja, nikazifunga kwenye karatasi. Mtoto alikuwa tayari ameshika njia nilipomwita arudi. Nikachukua ile karatasi, nikavaa ndala, nikamwambia twende, nitakusindikiza.