Jumamosi ya chuma: siku moja maishani mwangu, Himo

Jumatatu mpaka Ijumaa niko Moshi mjini na mahesabu ya ofisi, ila Jumamosi ni ya chuma na nyumbani hilo halina mjadala tena. Nafua chuma uani na kufufua vifaa vya zamani vya wahunzi, vile ambavyo watu wanavitupa au wanaviuza kwa kilo. Hii ni Jumamosi iliyopita, niliyoitumia karibu yote kwa kifaa kimoja, vaisi ya mguu, yaani kibanio cha kushikilia chuma unapokifanyia kazi.

Saa 12 asubuhi
Kabla ya chai natoka na tochi kwenda kwenye pipa. Vaisi ililala humo usiku kucha kwenye maji ya magadi. Niliipata kwa muuza skrepa hapa hapa Himo, iko chini ya rundo la rimu, mguu umepinda kidogo, skrubu imekamata, springi haipo. Sasa kama hujawahi kuiona, hii siyo vaisi ya kawaida ya mezani, ina mguu mrefu unaoshuka mpaka chini kabisa, kwa hiyo ukigonga chuma kilichobanwa humo nguvu ya nyundo inashuka kwa mguu inaishia ardhini badala ya kuumiza skrubu, na tena mwili wake umefuliwa kwa nyundo, haukumiminwa kwenye kalibu. Vaisi ya kumimina ukiikomaa na nyundo nzito ipo siku inapasuka, hii unaitwanga inavumilia.

Kutu naitoa kwa umeme. Magadi ni haya haya ya kulainishia maharage, vijiko vitano vya chakula kwa ndoo ya lita 20, halafu chaja ya betri ya gari ya volti 12, zile za zamani maana hizi za kisasa nyingi zinakataa kuwaka zisipoona betri. Waya hasi unashika kifaa chenye kutu, waya chanya unashika vipande vya nondo vilivyozamishwa pembeni bila kugusana na kifaa. Mapovu yanaanza, kutu inalegea inageuka tope jeusi la kutoka kwa brashi, na chuma kizima hakiguswi, hapo ndipo ninapoipenda njia hii kuliko asidi. Ila jamani, fanyeni nje penye hewa, yale mapovu ni haidrojeni na cheche moja tu inatosha, chomoa umeme kabla ya kutia mkono, na upande wa chanya usiweke stenlesi kabisa, wala kijiko wala kipande cha sufuria, inaacha sumu ya kromu kwenye maji na hayo maji utayamwaga wapi?

Saa 1
Brashi ya waya, maji safi, nakausha haraka kwa moto wa mkaa maana chuma kilichotoka kwenye magadi kinaanza kutu upya ukikitazama. Chai na maandazi nakunywa nimesimama.

Hapa ndipo nilipoona kitu kilichonifurahisha asubuhi yote. Skrubu ya vaisi inaingia kwenye bomba lenye meno ndani, nikamulika tochi humo, nikakuta meno hayakuchongwa. Ni ukanda wa chuma uliozungushwa ndani ya bomba kama nyoka, halafu ukashikishwa kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa, unauona kabisa mstari wa njano umekimbia pembeni mwa kila jino. Vaisi nyingi za zamani zilitengenezwa hivyo. Ukishajua hilo unaelewa kwa nini usichome bomba hilo mpaka liwe jekundu ili kuachanisha skrubu, mafundi wengi ndivyo wanavyofanya, shaba ikiyeyuka ule ukanda unaachia na vaisi imekufa. Mimi naweka dizeli na oili nusu kwa nusu, naacha siku kadhaa, nagonga kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao, nazungusha robo kwenda robo kurudi. Ilikuwa imeanza kuachia tangu Alhamisi, asubuhi hii ikatoka nzima.

Kwangu kazi yote ya kufufua vifaa iko hapo, ujue kwanza aliyekitengeneza alikitengenezaje, ndiyo uchukue nyundo.

Saa 2 na nusu
Kabla ya hapa sigongi kitu, majirani wana watoto wadogo. Jiko langu la kufulia ni dramu la breki ya Fuso limekalishwa kwenye fremu ya vyuma vya pembe, chini linaingia bomba la hewa, na hewa inatoka kwenye blowa ya kuzungusha kwa mkono niliyoifufua mwaka jana. Mkaa ni ule wa jikoni, ila nachagua mgumu na nauvunja vipande vidogo. Watu wanadhani lazima makaa ya mawe, siyo kweli, mkaa wa miti unawaka safi hauna salfa ya kuharibu chuma, ubaya wake unaisha haraka na unarusha cheche nyingi. Miwani, aproni ya ngozi, buti, nguo za pamba, nailoni usiisogeze karibu na moto. Na chuma chenye zinki kama mabati au bomba la maji hakiingii motoni kwangu hata kwa dakika moja, moshi wake ni sumu.

Kijana wangu anazungusha blowa.
“Baba, niongeze?”
“Taratibu baba, tunataka moto mzito siyo moto mrefu.”

Kazi yenyewe ni kufua springi ya vaisi, ile bapa inayokaa katikati na kusukuma taya wazi ukilegeza skrubu. Nimekata kipande cha springi ya pikapu, grainda kwa kukata tu, kinachobaki ni nyundo. Chuma cha springi ukipige kikiwa cha rangi ya chungwa iliyokolea, kikishuka kuwa chekundu hafifu rudisha motoni, ukikilazimisha kinapata nyufa ambazo leo huzioni. Ndiyo maana nafanya kazi chini ya kivuli cha mwembe na turubai, juani huwezi kusoma rangi ya chuma, kinaonekana cheusi kumbe kinaungua.

Mpaka saa 5 nimeivuta imekuwa nyembamba, ncha za juu nimezipanua masikio mawili ya kukumbatia mwili wa vaisi, nimeikunja kidogo. Mkono umechoka vizuri.

Saa 6
Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, tunasaidiana sana, umeme ukikatika kwake anakuja kukaa kwangu. Amekuja, ameishika fuawe yangu, lile pande zito la chuma ninalofulia juu yake, ameona mabonde madogo usoni.
“Kaka, nipe dakika kumi na grainda nikunyooshee huu uso uwe kioo.”
“Hapana kaka, huo uso usiguse.”

Nikamwonyesha ubavuni. Fuawe ni ya Kiingereza, ina namba tatu zimepigwa kwa mhuri, 1 1 14. Ya kwanza ni handredweiti, ambayo ni ratili 112, ya pili ni robo yake, ratili 28, ya tatu ni ratili zilizobaki. Jumlisha unapata 154, karibu kilo 70. Lakini la muhimu ni kwamba mwili wote huo ni chuma laini, juu ndiyo wamebandika bamba la chuma kigumu kwa moto na nyundo, na hilo bamba ni jembamba, siyo mwili mzima. Kila unachosaga kwa grainda unakula hilo bamba, na joto la grainda linaweza kulipunguza ugumu, ukilimaliza umebaki na gogo la chuma laini. Nilichukua gololi ya beringi nikaiachia kutoka kimo cha sentimita 25, ikaruka ikarudi kama 20. Uso wa namna hiyo ni mzima, mabonde yake hayanizuii kufanya kazi yoyote. Alikaa kimya akaijaribu na yeye mara nyingi, akacheka akasema kumbe.

Wasio na fuawe wananiuliza kuhusu kipande cha reli. Kinafaa, hasa ukikisimamisha wima ili uzito wote uwe chini ya nyundo. Lakini reli ni mali ya umma na hapa kwetu watu wamezing'oa, kwa hiyo kama hujui kimetoka wapi, achana nacho, tafuta ekseli ya lori ukaisimamishe kwenye gogo.

Saa 7
Ndizi nyama, maji, dakika chache za kulala kwenye kiti.

Saa 8
Napanda Noah ya abiria kwenda Mamba, huko juu mlimani Kilimanjaro, kwa babu mmoja mhunzi ambaye ndiye aliyenifundisha kushika koleo. Huko Mamba kuna koo ambazo kufua chuma ni kazi yao tangu enzi, mikuki, masime, kengele za ng'ombe, na Wamasai ni wateja wao wa siku nyingi. Zamani chuma chenyewe kilitoka Upareni, kwa Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno, waliokuwa wakiyeyusha mchanga wa chuma, na milima hiyo ya Ugweno naiona nikiwa Himo siku isiyo na vumbi. Mtu akiniambia hii ni hobi ya kizungu nasikia uchungu kweli, maana hapo Katuruka karibu na Bukoba wameshafukua matanuru ya chuma ya kama miaka 2000.

“Shikamoo babu.”
“Marahaba mjukuu wangu, umeleta nini leo?”

Namkabidhi springi. Yeye amekaa chini, mivukuto yake miwili ya ngozi ya mbuzi iko pembeni, mdomo wa udongo umeingia kwenye moto, mjukuu wake wa kweli anaisukuma mmoja baada ya mwingine hewa isikatike. Anaibonyeza springi kwenye goti, anaiachia, anaisikiliza.
“Sura nzuri. Bado ina hasira ya nyundo. Rudisha motoni, ikiiva iache ipoe yenyewe, usiitie maji.”

Ndivyo hasa inavyotakiwa, chuma kilichopigwa sana kinabaki na mkazo ndani. Unakipasha mpaka sumaku isikishike, hiyo ni karibu nyuzi 770 za Selsiasi, halafu kinapoa hewani taratibu, na chuma cha springi kikipoa hivyo bado kina mrudisho wa kutosha kwa kazi ya vaisi. Tulifanya pale pale kwenye moto wake. Nikamwachia sukari na mkaa gunia moja niliopakia juu ya Noah.

Saa 11 jioni
Nimerudi, jua limelegea. Mguu uliopinda niliunyoosha ukiwa moto kwenye fuawe, kidogo kidogo, na hapo palikuwa mbali na bomba la skrubu kwa hiyo shaba iko salama. Napasha mwili wa vaisi mpaka uwe wa kuchoma mkono tu, napaka nta ya nyuki, inayeyuka inaingia kwenye kila kishimo na chuma kinabaki cheusi kinachong'aa kidogo. Rangi ya mafuta sipaki, inaficha nyufa na kwenye moto inababuka. Skrubu nimeitia grisi. Alama za nyundo ya aliyeifua mwanzo zipo shingoni, sijazifuta hata moja.

Saa 1 usiku
Tumeifunga kwenye nguzo ya mkaratusi niliyoisimika wiki iliyopita, mguu umekaa kwenye kipande cha bamba la chuma juu ya zege. Kijana amezungusha mkono wa skrubu, taya zimefungwa, amelegeza, springi ikazisukuma wazi zenyewe, ndo kupiga kelele kumwita mama yake aje aone. Tumebana kipande cha nondo kilichoiva nikakikunja ndoano kwa mapigo machache, vaisi haikutikisika.

Ndoano tumeitundikia taa. Jumamosi ijayo ni zamu ya nyundo ya ratili tatu iliyokosa mpini, nimeshakausha tawi la mpera kwa ajili yake.