Laki na ushee kwa mafua ya mama

Juzi mdogo wangu wa kike kanitumia risiti kwa WhatsApp kutoka zahanati binafsi moja pale Tanga mjini. Jumla laki moja na ushee. Mgonjwa ni mama, ugonjwa ni mafua na kikohozi. Nikaisoma mstari kwa mstari: kumwona daktari, kipimo cha malaria, picha nzima ya damu, sindano za seftriaxoni asubuhi na jioni, azuma, dawa ya maji ya kifua, vitamini. Malaria hana. Ugonjwa ulioandikwa kwenye cheti ni maambukizi ya njia ya juu ya hewa, basi, hakuna nimonia wala kingine. Nikamuuliza mdogo wangu, daktari alimsikiliza kifua? Akanijibu, "Hapana dada, aliuliza anaumwa nini, akaandika."

Nimelipa, maana ni mama. Lakini limenikaa rohoni.

Seftriaxoni ni dawa ya mtu mwenye homa ya uti wa mgongo, nimonia kali, bakteria walioingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani limezipanga antibaiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, kwa makundi, na seftriaxoni na azuma zote mbili ziko kwenye kundi la kuangaliwa kwa makini, zile ambazo vijidudu huzizoea upesi. Amoxi ndiyo iko kundi la kawaida. Yaani mama yangu amepigiwa mafua kwa silaha mbili nzito kwa mpigo, na hata ile ya kawaida hakuihitaji.

Mimi naishi Leeds, Uingereza, na wenye mipango ya kuja huku wasikilize hili mapema. Kabla hujapewa viza unalipia matibabu, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na unalipa ya miaka yote ya viza kwa mkupuo. Waliokuja kwa viza ya kazi za afya wamesamehewa, sisi wengine hapana. Zidisheni wenyewe kwa shilingi. Ukishalipa, mtoto anaanza kukohoa Januari, unapiga simu saa mbili kamili asubuhi kama watu wote wa mtaa, unawekwa kwenye foleni ya simu, ukibahatika unapata miadi, dakika kama kumi na daktari, na unatoka huna hata kidonge. Mara ya kwanza niliona nimedharauliwa. Nikasema, huyu angekuwa mtoto wao wangempa.

Ila nawaambia alichokifanya yule daktari. Alimpandisha mtoto fulana, akaangalia saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima bila kusema neno. Akambana kidole na kile kifaa cha oksijeni. Akaangalia masikio, akaangalia koo, akasikiliza kifua mbele na mgongoni. Ndipo akasema ni virusi, amoxi haitamfanyia lolote zaidi ya kumharisha. Akanichapishia karatasi: kikohozi cha namna hii kinaweza kufika wiki tatu, na kohozi kuwa kijani peke yake si dalili kwamba anahitaji antibaiotiki. Chini zikafuata alama za hatari: akihema haraka, mbavu zikiingia ndani, akishindwa kunyonya au kunywa, akilegea. Ukiona hata moja piga simu saa hiyo hiyo. Kesho yake nesi akapiga mwenyewe kuuliza mtoto kaamkaje. Hilo sikulitegemea, na sikudaiwa senti.

Sasa mtu atasema madaktari wa kwetu hawajui. Wanajua sana. Amoxi na ndugu zake huvunja ukuta wa bakteria, na kirusi hakina ukuta huo, kwa hiyo kumeza amoxi kwa mafua ni kumtafuta mtu kwenye nyumba asiyoishi. Hilo hufundishwa chuoni mapema kabisa. Nilimpigia niliyesoma naye sekondari, sasa ni afisa tabibu huko huko Tanga, nikamuuliza bila kuzunguka: mnaandika kwa nini?

Alinijibu kwa utulivu. Mgonjwa katoka Pongwe, au Muheza kabisa, kalipa nauli, kalipa ada ya kumwona daktari. Siku ya kwanza mafua na nimonia inayoanza hufanana, na picha ya kifua ni pesa nyingine. "Nikimwambia nenda, urudi Alhamisi kama hujapata nafuu, harudi. Nauli hana, na akirudi mapokezi watamtoza upya. Nimwache, iwe nimonia kweli, afie nyumbani? Na nisipomwandikia, anavuka barabara anaingia duka la dawa, ananunua vidonge vya rangi mbili, antibaiotiki hizo hizo, nusu dozi, halafu mtaani atasema daktari yule hajui kazi." Akaongeza kwamba mwenye zahanati naye anaangalia mauzo ya dirisha la dawa mwisho wa mwezi.

Nilipokata simu nilikuwa nimeelewa jambo ambalo hapa kila mtu analiona la kawaida. Daktari wa Leeds alithubutu kuninyima kwa sababu alijua nitarudi, na kurudi kwangu ni bure. Wa Tanga anaandika sindano badala ya safari ya kurudi. Ile antibaiotiki inalipia hofu yake, nauli ya mgonjwa na ada ya mara ya pili, vyote kwa pamoja. Ukimhubiria habari za virusi na bakteria usiku kucha hutambadilisha, maana shida yake haiko hapo.

Wala Wazungu wasijione malaika. Wao pia huandika wakiogopa, wakibanwa na muda, wakidhani mgonjwa anataka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 ulionyesha madaktari wakiandika antibaiotiki zaidi kadiri zamu inavyosogea, huenda kwa sababu kukataa kunahitaji maelezo na aliyechoka hana maelezo. England, mwaka huo huo wa 2014, mganga mkuu wa serikali aliwaandikia barua madaktari wa vituo vilivyokuwa vinaongoza kwa kuandika: asilimia 80 ya vituo vya eneo lenu vinaandika pungufu yenu. Barua tu, hakuna faini. Uandishi ukashuka kwa asilimia 3.3. Mganga Mkuu wetu na bodi za hospitali za mikoa hawashindwi barua.

Na hili si la kupoteza pesa tu. Mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria waliokwisha kuzizoea dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko kiwango kilikuwa kikubwa zaidi. Siku mama yangu atakapopata nimonia ya kweli, seftriaxoni ile ile naitaka ifanye kazi. Ndiyo hasira yangu yote.

Nimempigia. "Mama, shikamoo." "Marahaba mwanangu. Nimechomwa sindano nzuri, kifua kimefunguka." Nikamwambia mafua yangekwisha yenyewe, kwa tangawizi na ndimu na asali kama alivyotulea. "Yaishe yenyewe, na mie nimelipa nauli? Daktari anayekwambia nenda kalale, kazi yake nini?" Sikubishana naye. Alilelewa kwenye Tanga ambayo kutoka hospitali mikono mitupu kulimaanisha dawa zimekwisha.

Mlio nyumbani, msichukue ya Leeds mkayavaa mazima. Huku wiki tatu za kikohozi ni za kungoja. Kwetu kikohozi kikifika wiki mbili nenda kapime makohozi, TB ipo, na kipimo na dawa zake kwenye vituo vya serikali ni bure. Mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano akifika 40, huyo apelekwe haraka na amoxi ni haki yake. Mhesabu akiwa ametulia, dakika nzima, si robo dakika mara nne. Na mnaofunga mabegi ya kuja huku, acheni kujaza amoxi za maduka ya Ngamiani kwenye soksi. Jiandikisheni kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza mnapofika, kabla hamjaumwa.

Kwa mama nimepanga hivi na mdogo wangu: pesa ya kumwona daktari nitatuma ya safari mbili, ya kwanza na ya kurudia, na ataomba kifua kisikilizwe kabla ya dawa yoyote kuandikwa. Wenye zahanati Tanga mnaosoma hapa, mgonjwa wa kikohozi akirudi ndani ya siku tatu mnamtoza ada upya? Asiyetoza aniandikie yuko mtaa gani, Makorora mpaka Chumbageni popote, nimpeleke mama yangu kwake.