Jibu la Neno Moja

Wiki hii mdogo wangu ameposwa, Baba amerudi kutoka kliniki akiwa na bandeji kwenye jicho la kulia, nasi ofisini tumefunga hesabu za robo mwaka, lakini kila nikikaa kuandika linanijia neno moja tu nililolitamka Jumanne usiku pale sebuleni.

Nilikuwa nikitazama na Rama picha za zamani za Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza. Tulipofika fainali ya mwaka 1993, mchezaji Jana Novotná akiwa ameinamia bega la Katharine, mke wa Duke wa Kent wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, na kulia mbele ya uwanja mzima, Rama akaniuliza, "Mama mdogo, huyu si ndiye yule aliyelia?" Nikamjibu, "Ndiye." Kisha nikanyamaza, naye akaenda kulala.

Tangu hapo nimelijibu upya swali lile nikiwa kwenye daladala, nikiwa jikoni, hata katikati ya hesabu. Ningemwambia kwamba mwanamke yule wa mji wa Brno, Ucheki, alikuwa akimwongoza Steffi Graf gemu 4 kwa 1 katika seti ya tatu, akihitaji pointi moja tu ili zifike 5, ndipo akakosea kuanzisha mpira mara mbili mfululizo, na Graf akazichukua gemu 5 zote zilizofuata. Ningemwambia kwamba mwaka 1997 alirudi fainali akafungwa na Martina Hingis, na mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 29, akarudi tena, akamshinda Nathalie Tauziat 6-4, 7-6, na aliyemkabidhi ile sahani ya fedha ya ubingwa alikuwa Katharine yuleyule, ambaye miaka mitano nyuma alimliwaza kwa kumwambia kuwa siku moja atashinda. Ningemtajia na mataji yake 12 makubwa ya wanawake wawili wawili, na medali tatu za Olimpiki. "Ndiye." Iliniuma kwamba mtu aliyeanzisha mpira na kuukimbilia wavuni miaka yote ile, nilimwacha mbele ya mtoto akiwa analia tu.

"Huyu si ndiye yule aliyelia?" Usiku wa Alhamisi swali lenyewe lilianza kunipendeza, kwa sababu nilimkumbuka Barbora Krejčíková. Mwaka 2014, akiwa binti wa miaka 18 asiyejua aelekee wapi katika tenisi, alikwenda na barua mkononi hadi nyumbani kwa Novotná, naye ni wa Brno vilevile, akabisha mlango. Mlango ukafunguliwa, Novotná akawa mwalimu wake. Saratani ilimchukua Novotná Novemba 2017, akiwa na miaka 49, na hakuwahi kumwona mwanafunzi wake akitwaa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, mwaka 2021, wala Wimbledon mwaka 2024.

Jana jioni nikamwita Rama akae karibu yangu. Nikamwonyesha Krejčíková, muda mfupi baada ya kumshinda Jasmine Paolini, akipelekwa mbele ya ubao wa mabingwa pale Wimbledon. Anatazama juu, analiona jina lake limeandikwa kwenye ubao uleule wenye jina la Novotná, na uso wote unamlowa machozi.

"Na huyu naye analia, mama mdogo?"

"Huyu ni mwanafunzi wa yule," nikamwambia, na safari hii sikuishia hapo. Nilianzia kwenye ile barua, tukarudi nyuma hadi kwenye lile bega, na chai ikapoa mezani. Rama aliomba tuurudie ubao mara tatu, akiyasoma majina kwa kidole juu ya kioo cha simu. Nimelala usingizi mzuri ambao sijaupata wiki nzima.

Ila asubuhi hii nimeitikisa chupa ya dawa ya matone ya Baba, nayo imebaki tone moja au mawili, ilhali kliniki hawafungui hadi Jumatatu.