Chakula cha Mwisho cha Mchana, Ericeira 2011

Jumamosi ya tarehe 31 Desemba 2011 nilikuwa nikiosha vyombo katika mgahawa mdogo wa Ericeira, kijiji cha wavuvi kilicho juu ya majabali ya Atlantiki, kaskazini-magharibi ya Lisbon, siku ambayo mgahawa huo ulipakua chakula chake cha mwisho. Nilikuwa mwanafunzi Lisbon, na kila mwisho wa juma nilipanda basi kutoka kituo cha Campo Grande mjini humo kwenda Ericeira kuongeza fedha za matumizi.

Nyumba ya chakula ya namna ile Wareno huiita tasca: chumba kimoja chenye meza zilizotandikwa karatasi, kaunta ya marumaru, mvinyo wa kupimwa kwa jagi, na chakula cha siku kilichoandikwa kwa chaki mlangoni. Mwenye mgahawa alihudumia wateja na mkewe alipika. Kwa euro 6.50 mtu alipata supu, mkate, sahani ya chakula na kahawa. Siku ile mama alipika pweza wa kuoka kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, pamoja na bacalhau, samaki mkavu wa chumvi ambaye harufu yake jikoni ilinikumbusha ng'onda wa kwetu Tanga. Wavuvi wa ufuo wa Praia dos Pescadores walijaa tangu saa sita, na nilivyowatazama kutoka dirisha la jikoni, hapakuwa na dalili yoyote ya biashara iliyokosa wateja.

Kilichokuwa kikiifunga biashara hiyo kilikuwa hesabu. Mwezi Mei mwaka ule Ureno ilikuwa imekubaliana na Umoja wa Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mkopo wa euro bilioni 78, na miongoni mwa hatua za kubana matumizi na kuongeza mapato, serikali iliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2012 kodi ya ongezeko la thamani katika migahawa ipande kutoka asilimia 13 hadi 23. Mzee alikuwa amenionyesha hesabu yake nyuma ya karatasi ya mezani. Katika kila sahani ya euro 6.50 alikuwa akiilipa serikali senti 75, na kuanzia kesho yake angeilipa euro 1.22 kwa sahani ileile.

"Nikipandisha bei, hawa watakula nyumbani kwao," aliniambia. "Nisipopandisha, nitakuwa nawapikia kwa hasara. Sasa wewe msomi, niambie nifanye lipi."

Sikuwa na la kumwambia.

Baadaye nilisikia watu wengi kijijini wakisema kwamba tasca ziliuawa na watelezaji wa mawimbi, wale wanaoteleza baharini juu ya mbao, nami sijawahi kuikubali kauli hiyo. Ni kweli kwamba mwaka uleule pwani ya Ericeira, yenye mawimbi mashuhuri kama ya Ribeira d'Ilhas na Coxos, ilitangazwa kuwa hifadhi ya dunia ya mawimbi, ya kwanza barani Ulaya, na kwamba vijana waliokuja na mbao zao walitaka kula saa kumi alasiri, wakati mama alikuwa ameshazima jiko na asingeliwasha tena mpaka saa moja usiku. Hata hivyo, vijana hao walikikuta chumba kitupu, hawakumfukuza mtu. Aliyekipangisha kwao ni mwenye jengo, ambaye alikuwa akingoja kwa hamu sheria mpya ya upangishaji wa nyumba iliyotoka mwaka 2012.

Baada ya sahani za mwisho kuondolewa, mzee alitoa daftari la madeni na kuliweka juu ya kaunta bila kusema neno. Wavuvi walikuja mmoja mmoja, kila mtu akatafuta jina lake, akalipa, na mzee akapiga mstari. Mmoja aliyekuwa na deni kubwa aliomba alipe nusu kwa samaki mwezi Januari. Mzee akamuuliza samaki hao atawapika wapi, watu wakacheka kwa sauti, deni likafutwa.

Mpangaji mpya, aliyefika jioni kuchukua funguo, aliomba aachiwe kaunta, pamoja na picha ya Manuel wa Pili, mfalme wa mwisho wa Ureno, akipanda mashua kwenda uhamishoni kutoka ufuo uleule mnamo 5 Oktoba 1910. Viti hakuvitaka.

Serikali iliirudisha kodi ya chakula hadi asilimia 13 mwezi Julai 2016, ingawa mvinyo na bia vilibaki kwenye 23, lakini kufikia hapo hapakuwa na cha kuokolewa. Nami nimeendelea kuifikiria ile hesabu ya nyuma ya karatasi, kwa sababu ilikuwa na samaki, gesi, mvinyo, pango na kodi, wala haikuwa na mshahara wa mpishi. Bei ya euro 6.50 iliwezekana kwa kuwa mama yule alifanya kazi miaka yote bila kulipwa. Majira ya kuchipua yaliyofuata, mkahawa wa vijana ulimwajiri kupika supu asubuhi, kwa mshahara wenye michango ya hifadhi ya jamii, na alinionyesha karatasi yake ya kwanza ya malipo, iliyoandikwa jina lake, huku mumewe akilalamika kwamba supu ile inauzwa ghali mno.