Jinsi nilivyoacha kuvunja ahadi za wateja
Mteja wa kanzu alikuwa akifika kwenye duka langu la ushonaji, Mwembe Tayari, Mombasa, siku ya ahadi, na kitambaa bado hakijakatwa. Iliniuma sana. Nilijaribu programu tatu za kupanga muda, nikaziacha; simu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinila saa. Binamu yangu akanionyesha mbinu ya Pomodoro, aliyoibuni Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Kwa kushona inafaa mno. Kwa kukata, hapana, mkasi haukatizwi njiani. Hapo naweka 50. Asubuhi, nikivuka feri ya Likoni, naandika daftarini nguo tatu za siku hiyo, si zaidi. Idi iliyopita hakuna aliyeondoka mikono mitupu.