Mhuri wangu wa zabibu umetoka!

Jamani, wiki tatu nahangaika na mhuri wa kishada cha zabibu, wa kugonga kwenye mifuko ya kaki ya zabibu ninazouza hapa Majengo, Dodoma. Nilianza na kiazi. Kinachongeka vizuri sana, ila kesho yake kilikuwa kimesinyaa na kishada kimepinda. Nikajaribu soli ya kandambili kuukuu. Ile ina vitundu vidogo, inakunywa wino na kuacha madoadoa. Mpira wa tairi ndiyo usiseme, mgumu mno, wembe uliteleza ukanikata kidole.

Jana nikanunua raba nyeupe ya kufutia, ile kubwa laini. Ikunje kidogo kwanza: ikirudi, chukua, ikimeguka, iache, imeshazeeka. Nilichora kwa penseli kwenye karatasi, nikailaza kifudifudi juu ya raba na kuisugua kwa ukucha. Mchoro ukahamia ukiwa umegeuka, kwa hiyo maneno yakigongwa yanasomeka sawa. Kingo nilizikata mshazari kwenda nje, maana ukichimba chini ya mstari mwembamba unakatika.

Leo asubuhi nimegonga mifuko 40. Hata kikonyo kinaonekana!