Tairi lililojaa fulana, na mteremko wa mizizi ulionishinda miezi minane

"Kaa nyuma kabisa ya kiti, breki ya mbele usiiguse, na matairi yajaze upepo mpaka yawe kama jiwe." Ushauri huo nilipewa na mtu aliyeanza kuendesha baiskeli za milimani kabla yangu, nami nikaufuata kwa utii miezi minane. Miezi minane hiyohiyo mteremko mmoja ndani ya msitu wa hifadhi ulikuwa ukiniangusha. Sasa nimeushuka mara kumi na moja bila kuweka mguu chini, na hasira ya ule ushauri bado ninayo, kwa sababu kila anayeanza namsikia akipewa uleule.

Mteremko wenyewe si mrefu, labda mita mia mbili. Shida ni mizizi. Mingine imevuka njia kama ngazi, mingine imelala mshazari, na juu yake miti imefunga anga kiasi kwamba hata siku tatu baada ya mvua gome la mizizi bado lina unyevu. Katika hifadhi hii mizizi haikatwi, na mimi nakubaliana na hilo kabisa. Ndiyo inayoushikilia udongo wa kilima. Ukiing'oa, msimu mmoja wa mvua unatosha kuigeuza njia kuwa mfereji.

Basi nilikuwa nashuka nimejitupa nyuma, tumbo likikaribia kiti, vidole viwili vimebana breki ya nyuma tangu juu hadi chini. Gurudumu la nyuma lilijifunga na kusota. Usukani nao ulikuwa mwepesi mikononi, na gurudumu la mbele likikutana na mzizi wa mshazari lilikwenda litakako lenyewe. Nikifika chini, kama nimefika, diski ya nyuma inanuka kuungua. Breki ikibanwa mfululizo haipati nafasi ya kupoa, na ikishapata moto sana nguvu yake inapungua. Ni tatizo la tangu mwanzo wa mchezo huu. Mwaka 1976, karibu na mji wa Fairfax huko California, watu walianza kushindana kushuka njia moja ya vumbi kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Njia hiyo inashuka mita kama 400 katika kilomita tatu na kidogo. Wakifika chini grisi imeungua na kutoa moshi, hivyo kitovu lazima kifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Mbio zile ziliitwa Repack kwa sababu hiyo, yaani kujaza upya.

Mimi nilifunguka macho siku tairi lilipochanika.

Nilikuwa peke yangu, kilomita tisa kutoka lango la hifadhi, jua limebakiza saa tatu hivi. Jiwe lenye ncha lilipasua ubavu wa tairi la nyuma, mpasuko wa urefu wa pingili ya kidole. Tairi gumu kama jiwe halibonyei likigonga kitu, linabeba kishindo chote. Nilikuwa na tyubu moja ya akiba. Nikakunja karatasi ya biskuti mara nne, nikaiweka kwa ndani kuziba mpasuko, nikapachika tyubu na kujaza upepo. Nilitembea nayo kama mita mia tatu. Karatasi ilikuwa nyororo mno, tyubu ikachungulia kwenye mpasuko kama jipu, ikapasuka. Msitu wote ulisikia. Leo nabeba kipande cha tairi kuukuu, kirefu kama kiganja, chenye upana unaoingia ndani ya tairi bila tabu. Hakina uzito na kinafanya kazi ambayo karatasi haiwezi.

Kuendesha juu ya rimu tupu sikutaka, rimu ingepinda. Nikakumbuka kwamba watu wa zamani walishindilia tairi majani. Majani yalikuwepo tele, pande zote mbili za njia, marefu na laini. Lakini pale langoni kuna kibao: usichume, usikate, usiokote. Nilisimama nikayatazama kwa muda, nisiseme uongo. Kisha nikavua fulana.

Fulana peke yake haikutosha. Zikafuata soksi zote mbili, taulo ndogo niliyokuwa nafutia jasho, na koti jembamba la mvua. Siri ya kushindilia ni kukaza. Usitandaze nguo, isokote kama kamba, uisukume kwa kidole gumba hadi isiingie tena, ndipo uongeze nyingine. Robo ya mwisho ndiyo kazi, kwa sababu tairi limeshajaa na ukingo wake hautaki kurudi ndani ya rimu. Nilipiga magoti nikausukuma kwa viganja vyote viwili hadi ukaingia. Nilitumia dakika arobaini, na vidole vilivimba siku mbili.

Kisha nikapanda, na hapo kuna jambo ambalo sikulitegemea. Tairi la nguo halishiki rimu vizuri. Ukibana breki ya nyuma, tairi linazunguka peke yake. Pia halitaki uzito. Kwa hiyo nililazimika kusimama juu ya pedali, kifua juu ya usukani, na kutumia breki ya mbele tu, kwa kidole kimoja, taratibu. Yaani kinyume cha kila nilichofundishwa. Mbele yangu kulikuwa na miteremko mitatu midogo yenye mizizi. Baiskeli ileile, mizizi ileile, na gurudumu la mbele likashika! Nikapita wa kwanza nikidhani ni bahati. Kwenye wa tatu nilikuwa napiga kelele peke yangu msituni.

Baadaye nilielewa. Ukifunga breki, uzito wa mwili na baiskeli unahamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Ukijitupa nyuma unalinyima uzito huo, nalo bila uzito haliwezi kupinda kona wala kusimama. Kinachorusha watu juu ya usukani ni kuibana breki ghafla, mikono imenyooka, mwili haujajiandaa.

Tairi jipya lilinigharimu zaidi ya matengenezo yangu yote ya nusu mwaka, ila sijutii. Nimehamia matairi yasiyo na tyubu, yenye gundi ya maji ndani ya kuziba matundu. Nilikuwa najaza psi 45 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), sasa ni 23 mbele na 26 nyuma, nami nina kilo 74. Ukiwa bado na tyubu usishuke hadi huko. Tyubu itabanwa kati ya rimu na mzizi, itoboke matundu mawili sambamba.

Kwenye mizizi yenyewe: punguza mwendo kabla hujaifikia, kisha achia breki zote mbili unapokuwa juu yake. Gurudumu linalozunguka huru hupita, lililobanwa huteleza. Vuka mzizi kwa pembe ya mraba kadiri njia inavyoruhusu, baiskeli ikiwa wima. Kiti kiteremshe. Macho yasitazame mzizi, yatazame unakokwenda.

Kusota nako kunachimba njia. Mfereji mdogo wa gurudumu lililojifunga ndio maji yatakaoufuata mvua ijayo. Kwenye dimbwi pita katikati, ukilizunguka unapanua njia na kukanyaga miche. Tope linapoacha alama ya kina, mimi hugeuza. Kabla ya kuingia husugua matairi na soli za viatu, kwa sababu udongo wa kwingine hubeba mbegu za magugu na vimelea vinavyoozesha mizizi ya miti. Anayetembea kwa miguu nampisha, anayepanda kilima nampisha. California, miaka ya 1980, waendeshaji walifungiwa njia nyingi nyembamba, hadi vilabu vyao vikaungana mwaka 1988 na kuanzisha IMBA, chama cha kimataifa cha waendeshaji wa baiskeli za milimani, ili kutetea nafasi yao. Sitaki tufungiwe yetu kwa sababu ya wachache wasiopunguza mwendo.

Aliyenipa ule ushauri alinifuata kwa nyuma Jumamosi iliyopita. Nilimsubiri chini, akaja akiisukuma baiskeli, akabonyeza tairi langu la mbele kwa kidole gumba, akauliza psi ngapi. Nikamwambia. Bado imebaki kona kali ya kulia inayofuata, yenye mzizi katikati. Hiyo tuliishuka sote kwa miguu.